Pipa la Maganda la Wifi Nili

Wifi yangu alipoolewa na kaka yangu alikuwa na mikono ya rangi ya mikono. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu wengi waliomjua baadaye walidhani alizaliwa vile. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumwingiza ndani siku aliyokuja. Ulikuwa mkono mdogo, mkavu, wa mtu asiyependa kuongozwa. Nikasema moyoni, huyu tutagombana. Tukagombana kweli, lakini kwa heshima, na mpaka leo sijapata wa kugombana naye kama yeye.

Kazi ya kutia nguo rangi ilikuwa ya mama yetu. Mimi ndiye binti, ilikuwa niirithi mimi, lakini sikuwa na subira nayo. Rangi ni kama mtoto mchanga, ukiiacha kidogo inakuharibia shuka. Wifi alikuwa na subira. Mama akamwita uani, akampa kijiti cha kukorogea, akamfundisha neno ambalo sisi watoto tulilisikia kabla hatujaota meno: "Chumvi huita, magadi hufunga." Maana yake ni nyepesi. Ukichovya kitambaa kwenye maji ya rangi, unatia chumvi ili rangi ivutwe iingie kwenye nyuzi. Kisha unatia magadi, unakiacha kilale humo mpaka asubuhi, na rangi ikishafungwa na magadi, haitoki tena hata ufue kwa hasira. Neno hilo halijawahi kumdanganya mama. Lilikuwa kama sala nyumbani kwetu.

Mama alipoondoka duniani, na kaka yangu akamfuata bila hata kutuachia nafasi ya kukausha macho, wifi alibaki na ua ule na wanawe. Hakulia mbele za watu. Alifunga kanga, akawasha moto, akachemsha maji. Buluu ndiyo iliyomtoa. Buluu yake ilikuwa nzito, haichuji, na watu walitoka mitaa ya mbali kuifuata. Wakamwita Nili, kwa jina la ile buluu ya unga tuliyokuwa tunatia kwenye nguo nyeupe zamani. Mikono yake ikawa buluu hadi kwenye viwiko, kucha zikawa nyeusi kama za fundi wa magari. Nilikuwa namtania: "Wifi, ukifa tutakuosha na nini?" Naye ananijibu, "Nyie nizikeni tu, nitawapaka rangi wenzangu huko chini."

Sasa niwaeleze ua wenyewe, maana mambo yote yalitokea humo. Ulikuwa nyuma ya nyumba, umesakafiwa kwa saruji, na saruji imeinamia upande mmoja. Kwenye ukuta kulikuwa na kamba za kuanikia, chini kulikuwa na mapipa ya plastiki, masufuria makubwa yaliyokatika mishikio, na benchi ambalo mimi ndiye niliyelikalia zaidi kuliko mtu yeyote. Maji ya kusuuzia yaliteremka na saruji, yakaingia kwenye mtaro, yakapita chini ya uzio, nyuma ya karakana ya seremala, chini ya barabara, hadi kwenye kijito. Watoto wakitoka shule walisimama pale juu ya kijito wakipiga kelele, "Leo Nili anatia kijani! Leo anatia zambarau!" Tulicheka. Miaka mingi tulicheka.

Kando ya kijito, upande wa chini, alikuwapo mzee mmoja mkulima wa mboga. Watu wote walimwita Babu Bustani. Alikuwa mpole na mwenye maneno. Siku moja akaja uani amevaa fulana iliyokuwa nyeupe zamani, sasa imekuwa ya waridi iliyochafuka. Akajigeuza mbele yetu kama msichana.

"Nimekuja kuwaonyesha nguo yangu mpya," akasema. "Sikumbuki kuinunua."

Wifi akacheka, akamletea kiti. Mzee akakaa, akacheka naye, kisha akatoa mfukoni fungu la mboga lililong'olewa na mizizi yake. Mizizi ilikuwa ya zambarau.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuchukii. Lakini mboga zangu zinachukiwa. Wateja wakiona mizizi hii wananiuliza nimemwagilia nini. Niwajibu nini?"

Wifi alichukua lile fungu akaligeuzageuza, akaliweka mapajani kana kwamba ni kitu cha mtu mgonjwa.

Haikupita muda mrefu akaja Bwana Afya. Sijui nani alimpelekea habari, na naapa hakuwa yule mzee. Bwana Afya alikuwa kijana, mwenye kofia na adabu. Akauangalia mtaro, akainama, akachovya kidole, akakitazama kidole chake. Akasema, "Mama, sipendi kufunga kazi ya mtu. Lakini maji haya hayawezi kwenda mtoni hivi. Nitarudi mwisho wa kiangazi. Nikikuta yanatoka meupe, fanya kazi yako na Mungu akubariki. Nikikuta yana rangi, nafunga ua, na sitakuwa na njia nyingine."

"Yawe meupe vipi, mwanangu?" wifi akamuuliza. "Mimi kazi yangu ni rangi. Ni sawa na kumwambia muuza samaki asinuke."

"Hilo silijui, mama. Najua yawe meupe."

Hapo ndipo alipoingia mwalimu. Mwalimu wa sayansi alikuwa mpangaji wetu chumba cha mbele. Alikuwa mwembamba, mpenda chai, mtu wa kusoma hadi chooni. Akaja uani jioni ile akasimama huku amekunja mikono, akasema amesoma mahali kwamba takataka za mimea hukamata rangi ya nguo kwenye maji. Maganda ya karanga, maranda ya mbao, maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi. Rangi hunata kwenye maganda, maji yanapita.

"Mwalimu," wifi akasema, "mimi nakuuliza dawa, wewe unanipa jaa."

"Dawa nyingine sina, mama."

"Basi lete jaa."

Tukaanza. Seremala wa jirani alitupa maranda bure, akafurahi kuondolewa uchafu. Tukayajaza kwenye ndoo iliyotobolewa chini, tukamimina maji ya buluu. Yakatoka kahawia. Mbao yenyewe ilikuwa inachuja. "Tumetoa buluu tukatia chai," nikasema. Mwalimu akaonja kwa macho, akakubali kwamba ni chai. Maganda ya ndizi nayo yalioza kabla hayajafanya kazi yoyote, ua ukajaa nzi, na watoto wa wifi wakakataa kula ndani ya nyumba. Magunzi yalikuwa magumu kama mawe.

Maganda ya karanga ndiyo yaliyoonyesha dalili. Wauzaji wa karanga sokoni walikuwa wanayatupa kwa magunia. Tukayaosha, tukayaanika, tukayatwanga, mimi na wifi kila mmoja na mchi wake, tukipokezana kama zamani tulipokuwa na nguvu. Lakini hata hayo, ukimimina maji ya rangi, yalikamata kidogo, nyingine ikapita. Siku moja mwalimu akarudi na vipande vya ndimu zilizokamuliwa, zile ambazo wauza vinywaji wanazitupa, na ndimu nyingine zilizonyauka ambazo hakuna aliyezitaka.

"Tuyachachushe maji kwanza," akasema. "Na maganda yenyewe tuyaloweke kwenye uchachu."

"Kwa nini?" nikamuuliza mimi.

"Ndivyo inavyotakiwa, mama." Alikuwa na haraka ya kwenda kusahihisha madaftari.

Tukafanya hivyo. Tukachukua pipa kubwa, chini kokoto, juu yake mchanga, juu yake maganda ya karanga yaliyolowekwa kwenye ndimu, na bomba dogo la kufungulia pale chini. Wifi akamimina ndoo ya maji ya buluu, buluu ile ile yake, nzito. Tukangoja. Bomba likaanza kudondosha.

Sitasahau. Wifi aliweka kiganja chake chini ya bomba. Tone likaanguka kwenye kiganja cha buluu likakaa pale, jeupe kabisa, kama jicho. Akalitazama mpaka likateleza. Kisha akasema, "Mama angeona hili," na akaingia ndani haraka, kwa sababu hakutaka tuone uso wake.

Babu Bustani aliitwa. Akainama kwenye bomba, akanusa, akakunja pua. "Yananuka kama mtoto aliyecheua maziwa," akasema, "lakini ni meupe." Akachota kwenye kopo akaenda nayo kwake, akamwagilia tuta moja la pembeni, la majaribio. Tuta halikufa.

Wiki zile zilikuwa nzuri. Wifi alifanya kazi yake, maji yakapita kwenye pipa, kijito kikawa cha rangi ya kijito. Watoto wa shule wakasimama juu yake wakakosa cha kutangaza. Maganda ndani ya pipa yakawa yanabadilika, safu kwa safu, buluu, kijani, nyekundu ya damu ya mzee, mpaka ukichungulia juu unaona giza tupu. Wifi alikuwa anachungulia kila asubuhi. "Tazama, wifi," ananiambia, "rangi zangu zote zimo humu. Hazijapotea. Zimefungiwa tu."

Kisha tukaletewa habari kwamba Bwana Afya anakuja kesho yake. Tulikuwa tumetulia. Lakini mchana ule jua lilikuwa kali, na pipa likaanza kunuka vibaya. Ule uchachu wa ndimu ulikuwa umegeuka, ukawa kama maziwa yaliyosahauliwa chini ya kitanda. Wifi akasimama katikati ya ua amejishika kiuno. Ni mwanamke ambaye mgeni akija anapangusa hata upande wa chini wa meza. Huwezi kumwambia mwanamke yule mgeni wa serikali aje anuse vile.

Akaenda pembeni, akarudi na bakuli la magadi.

Nilikuwa kwenye benchi. Nikamwona akiyakoroga kwenye ndoo ya maji ya moto. Akaniambia, "Magadi yatakata hii harufu. Na tena yatazifunga rangi humo ndani zisithubutu kutoka." Lilikuwa neno la mama, lenyewe hasa, na lilinikalia vizuri kichwani kama vile lilivyokaa miaka yote. Akafunga bomba. Akamimina magadi juu ya maganda mpaka pipa likajaa, akalifunika kwa ubao. "Yalale," akasema, "mpaka asubuhi." Kama kitambaa. Mwalimu hakuwapo, alikuwa shule, na alirudi tumeshalala.

Asubuhi harufu ilikuwa imekwisha kabisa. Wifi alifagia ua mara ya pili bila sababu. Alivaa kanga safi. Bwana Afya akaja na kofia yake, Babu Bustani akaja nyuma yake, akasimama kando akiwa amevua kofia kama mtu aliyekuja msibani, ingawa alikuja kututetea. Alisema mwenyewe: "Bwana, nimeona kwa macho yangu, maji yanatoka meupe. Nimemwagilia."

"Tuone basi," akasema Bwana Afya.

Wifi akachota ndoo ya maji ya kusuuzia, akaimimina taratibu juu ya maganda, huku mkono wake wa pili unafungua bomba.

Kilichotoka sina jina lake. Si buluu, si nyekundu. Ilikuwa rangi zote za wiki zile kwa pamoja, nyeusi yenye zambarau, nzito kama asali, nzito kuliko maji yaliyoingia. Ikaruka kwenye saruji, ikawarukia wageni viatuni, ikakimbilia mtaroni. Wifi akalifunga bomba kwa nguvu mpaka likavunjika mkononi, na ikazidi kutoka. Akajaribu kuziba kwa kiganja. Ikapita katikati ya vidole. Akavua kanga ya juu akaishindilia pale shimoni, kanga ikaloa yote, ikawa nyeusi. Mimi nilisimama. Sijui nilisimama kwa nini, sikuwa na cha kushika. Nikasikia mtoto barabarani anapiga kelele kwa furaha, "Leo Nili anatia nyeusi!"

Babu Bustani alikuwa ameshaanza kukimbia. Mzee yule, akakimbia kuelekea bustanini kwake kufunga mifereji. Hakuwahi.

Bwana Afya hakumfokea. Ingekuwa afadhali amfokee, ningepata wa kumjibu. Alisimama hapo na suruali yake iliyorukiwa, akamtazama wifi aliyepiga magoti, akasema polepole, "Mama, nilikuambia sina njia nyingine."

"Jana yalikuwa meupe," wifi akasema. "Waulize. Jana yalikuwa meupe."

"Nakuamini, mama. Lakini mimi nimekuja leo."

Jioni ile mwalimu akaambiwa. Akaomba kuona bakuli la magadi. Akalishika muda mrefu kama mtu aliyepewa kichanga cha mwenzake. Kisha akatueleza, polepole, kwamba uchachu ndio unaoishikisha rangi kwenye ganda, na magadi ndiyo yanayoiachisha. Kwenye kitambaa magadi hufunga. Kwenye ganda la karanga hufungua. Wifi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia tu neno moja hilo," akasema.

"Sikujua kama una magadi, mama." Akakomea hapo. Yeye mwenyewe aliona jinsi lilivyosikika: hakujua kama mtia rangi ana magadi.

Hakuna aliyemlaumu. Tungemlaumu tukapata nini? Na mama yetu naye tumlaumu? Neno lake lilikuwa la kweli.

Kesho yake wakaja watu wakapaka alama nyekundu ya X kwenye mlango wa ua. Wifi alisimama kuwatazama wakipaka. Aliyeshika brashi alikuwa anapaka kwenye mbao zenye vumbi. "Futa vumbi kwanza," wifi akamwambia, "haitashika hiyo." Yule kijana akamwangalia, akafuta vumbi, akapaka tena. Ikashika. Ipo hadi leo.

Msidhani alikubali kirahisi. Alitengeneza pipa lingine, kwa maganda mapya na ndimu mpya, bila magadi, ndani ya jiko la nyumbani kwake ili lisionekane. Maji yakatoka meupe. Akayajaza kwenye chupa, akaenda ofisini. Bwana Afya alikuwa amehamishwa. Aliyechukua nafasi yake akasema hiyo chupa ingeweza kuwa ya bomba la mjini, atajuaje, maji lazima yapimwe, na kipimo chenyewe hakipo hapo, asubiri. Akaiacha chupa dirishani kwao. Akarudi mwezi uliofuata kuiuliza, chupa ikawa tupu. Tarishi alikuwa amemwagilia ua la kwenye kopo, la mkubwa wao.

"Na ua halikufa!" wifi aliniambia alipokuja kunisimulia, amesimama mlangoni kwangu hata hajavua viatu. "Wifi, nimeliona, lina majani mapya. Nikawaambia tazameni wenyewe, si ushahidi huo?"

"Wakasemaje?"

"Wakasema ni ushahidi wa ua."

Tukacheka mpaka tukaketi. Kisha hatukucheka. Alikwenda tena na tena, kila safari na chupa, na kila safari wakampokea vizuri na wakamwambia asubiri. Wanawe wakasema mama achana nayo, tutakutunza. Wanamtunza, siwezi kuwasema. Anakula, analala, ana redio. Babu Bustani alitengeneza upya matuta yake, na akipita humsalimia, humletea mboga zenye mizizi myeupe. Naye huzipokea kwa mikono miwili, huitazama mizizi. Mimi hukaa hapo katikati yao nikitafuta mzaha, na siupati.

Kilichoanza kuondoka ni buluu ya mikono. Sikuliona mara moja. Rangi ya miaka yote ile ilitoka kwenye viwiko kwanza, ikashuka kwenye vifundo, ikabaki vidoleni. Alianza kuosha vyombo kwa kijiko cha mbao kirefu ili asiloweke mikono. Alimkatalia binti yake sabuni ya unga. Nikamwambia, "Wifi, sasa unaogopa maji?" Akanijibu, "Siogopi. Nayabania."

Juzi nilimkuta kibarazani, mchana, mikono ameiweka mapajani na viganja juu. Ilikuwa mikono ile ile niliyoishika mlangoni alipokuja kuolewa, sema imezeeka. Akanyoosha kidole gumba cha kushoto, akakileta karibu na uso wangu.

"Wifi, nitazamie. Macho yangu hayaoni vizuri. Hapa kwenye mzizi wa kucha, buluu bado ipo?"

Nikakishika kile kidole. Nikakigeuza kwenye mwanga. Nikakitazama kwa muda, kwa sababu nilitaka iwepo. Ukucha ulikuwa mweupe kama wa mtu yeyote.

"Ipo," nikamwambia. "Kidogo, lakini ipo."

Akakivuta kidole chake, akakikunja ndani ya ngumi, akaifunika ngumi kwa mkono wa pili.